Uzi wa tuliokua na hadithi za majini zenye picha: yule mwanamke wa kwato aliishia wapi?

Mtoto wa Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Umeme umekatika huku tangu magharibi. Nimekaa barazani na simu yenye chaji asilimia 19, na mwanangu wa miaka tisa kaniuliza swali: "Baba, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini?" Nikataka kujitutumua nimwambie sikuwa naogopa kitu. Ulimi ukagoma. Nikamwambia nilikuwa naogopa karatasi ya bajia. Kacheka hadi kapaliwa. Na nyinyi najua mnacheka, lakini tulieni niwape kisa kabla simu haijazima.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mwaka 1991 nilikuwa darasa la nne. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na bibi anauza bajia za kunde kila baada ya alasiri. Namwona hadi leo: amekaa nyuma ya karai, kanga moja kichwani, nyingine imemfunika kuanzia kiunoni hadi chini kwenye vumbi, mkono wa kulia unageuza bajia, wa kushoto unachana magazeti. Hakuwa na mambo ya mifuko. Anachana ukurasa, anausokota pembe, anatumbukiza bajia tano, anamwagia chatini ya nazi juu, haya nenda.

Yale magazeti mengi yalikuwa ya katuni. Kipindi kile Sani ndilo lilikuwa baba lao. Jina lenyewe ni la waanzilishi wake wawili, Saidi na Nico, kila mmoja katoa herufi mbili. Humo ndimo walimokuwa wakiishi kina Ndumilakuwili, Lodilofa na Kipepe. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono iliyowapa uhai watu wale, alifariki 1986 akiwa bado kijana, wenzake wakaendelea kuwachora. Pembeni ya Sani yalichipuka mengine kama uyoga, linatoka mara tatu nne, linakufa. Na ndani ya hayo, ukishavuka kurasa za vichekesho, ndiko zilikokuwa zinakaa hadithi za majini. Nyeusi na nyeupe, wino mzito unaobaki vidoleni, maneno yameandikwa kwa mkono kwa herufi kubwa tupu, na pale chini kwenye kona: ITAENDELEA.

Kwetu haikuendelea hata siku moja. Wewe unapata ukurasa uliokufungia bajia, basi. Hadithi haina kichwa, haina mkia. Tulikuwa tunagombania karatasi kuliko bajia zenyewe.

Siku moja umeme ulikatika kama leo. Tumemaliza kula, dada yangu anayenizidi miaka mitatu akakunjua karatasi akaisogeza kwenye kibatari. Picha ya kwanza: dereva wa teksi, usiku, njia ya pwani, minazi. Picha ya pili: mwanamke wa buibui kasimama kando ya barabara, kanyoosha mkono. Ya tatu: kapanda, kakaa nyuma, dereva anamtazama kwenye kioo, uso mzuri ajabu. Ya nne: dereva kageuka, kashusha macho. Na pale chini ya buibui, wakuu, KWATO. Mbili. Zimepasuka katikati, zimekaa vizuri kwenye sakafu ya gari. Dereva mdomo wazi. Itaendelea.

Dada alitupa karatasi kule, nusura aangushe kibatari. Usiku ule tulilala shuka moja. Na kwa muda wa kama mwaka mzima sikumtazama mwanamke usoni kabla sijaangalia miguu. Shangazi yangu alipokuja kutoka Pangani nilimpa shikamoo nimeinama hadi chini, wakadhani nina adabu. Aliposogea na lile gauni lake refu nikakimbia. Nilichapwa.

Swali langu kwa wadau: kuna aliyesoma toleo lililofuata? Yule dereva alipona?

Kambi Popote

Nimeweka kambi. Halafu umenitia njaa ya bajia saa hizi, dhambi yako hiyo.

Kisiki cha Mpingo

Mkuu umenirudisha mbali sana. Ila sisi wa Dar hatukuwa na habari ya kwato, sisi tulikuwa na mumiani.

Nilikuwa nasoma shule ambayo njia ya mkato ilikuwa inapita karibu na kituo cha zimamoto. Hakuna mtoto aliyepita hapo peke yake. Tuliambiwa wale jamaa wanakamata watu, wanawaning'iniza, wananyonya damu, na gari ni jekundu kwa sababu hiyo. Nimekuja kusoma ukubwani kumbe hofu hii ni ya zamani, babu zetu waliikuta tangu enzi za mkoloni, na Nairobi na Kampala nako ilikuwepo hivyohivyo, zimamoto walewale. Na kilichonichekesha zaidi: fungua kamusi za zamani utakuta mumiani ni dawa tu, kitu cheusi kama lami, kinayeyushwa kwa samli kutibu mivunjiko. Watu wakasema kimetengenezwa kwa damu, na pole pole dawa ikageuka mtu.

Sasa picha. Kuna gazeti moja lilimchora mumiani hana uso. Kofia, koti refu, ndoo, na mpira ule mwembamba wa kutolea maji. Mahali pa uso mchoraji kaacha karatasi tupu, hakuweka hata nukta. Nimeona filamu nyingi za kutisha baada ya hapo, zenye damu za ndoo na ndoo, na hakuna iliyofikia ile karatasi tupu. Yule mchoraji alijua anachofanya. Au alichoka, wino ukamwishia, mimi nikapata kazi ya kumalizia mwenyewe usiku.

Dada wa Wete

Nyie watu wa bara mnachezea katuni. Sie 1995 tulilala nje.

Mie nilikuwa na miaka kumi na mbili. Popobawa alipoanza Pemba hakukuwa na picha hata moja. Ulikuwa ni uvumi tu, leo kaingia kijiji hichi, jana alikuwa kile. Watu wazima, baba zetu wenye ndevu, wanatoka na mikeka wanalala uwanjani pamoja, moto umekokwa katikati, mmoja akisinzia anatikiswa. Mtoto ukimuona baba yako anaogopa, hapo huna pa kukimbilia tena. Baadae likavuka likaenda Unguja, na miaka iliyofuata likarudi tena na tena.

Halafu ndio magazeti yakaanza kumchora. Popo mkubwa, jicho moja, masikio marefu, mbawa kama mwavuli uliochanika. Nilipomuona nilicheka mie! Wallahi nilicheka. Maana hakuna aliyekuwa kamuona, jina lenyewe ni kivuli cha bawa tu kilichopita ukutani. Nikamkata yule popo kwa mkasi nikambandika kwenye daftari la hesabu. Tangu siku hiyo nikalala ndani.

Kwa hiyo mie nakupinga kidogo mleta uzi. Wewe picha ilikutia hofu, mie ilinitoa. Jinamizi likishachorwa lina ukubwa wake, lina mwisho kwenye karatasi.

Mtoto wa Ngamiani

Dada wa Wete, heshima kwako. Ila popo wako ulimwona mzima na mkasi unao. Mimi wangu aliishia kwenye "itaendelea" na bajia zilikwisha.

Chaji 11.

Jirani wa Kisumu

Niruhusuni jirani nichangie. Huku Kenya miaka ya 80 tulikuwa na vitabu vya Pichadithi. Jina linajieleza, picha na hadithi zimeoana. Mmoja wa waliovichora ni Terry Hirst, mwingereza aliyehamia Nairobi, yule yule aliyeanzisha jarida la Joe na Hilary Ng'weno mwaka 1973. Na watoto wa Taifa Leo walikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, ila huyo alikuwa wa kuchekesha, hahusiani na giza.

Kilichonimaliza mimi ni Lwanda Magere. Huyu ni shujaa wetu Waluo, mwili wake jiwe, mkuki ukimgonga unapinda. Adui wakampa binti yao awe mke. Siku anaumwa, mke kaambiwa amchanje dawa, wembe hauingii mwilini, basi mume akamwambia: chanja kivuli changu. Akachanja kivuli, na damu ikatoka mwilini. Usiku ule mke akatoroka kurudi kwao na siri. Vita vilivyofuata walikichoma mkuki kivuli, akaanguka, akageuka mwamba.

Sasa fikiria mtoto wa darasa la tatu anaenda nyumbani jioni, jua liko nyuma yake, kivuli kimetangulia mita nne mbele, na barabara imejaa baiskeli. Nilikuwa naruka kando kila baiskeli inapokuja. Wenzangu walipogundua, wakaanza kunikanyagia kivuli makusudi. Kuna mmoja nilimpiga jiwe kwa hilo. Leo ni rafiki yangu, ana duka la simu, na kila tukikutana juani lazima akanyage.

Mfungua Kesi

Samahani wakuu, mleta uzi ameandika "majini", huyu wa Kisumu kaleta shujaa, mwingine mumiani, mwingine popobawa. Jini ni kiumbe kina imani yake na ukoo wake. Mzimu ni wa wafu, na pia ni mahali pa kutambikia. Shetani ni shetani. Kibwengo sijui mtamweka wapi. Tupange kwanza istilahi.

Kisiki cha Mpingo

Saa tano ya usiku, una kibatari, kitu kinakwaruza dirisha. Utauliza istilahi?

Mwalimu wa Zamani

Watoto wangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini, na nataka kuwaambia kitu ambacho wauza magazeti hawakuwaambia. Hadithi za kutisha mlikuwa nazo kabatini mwa shule, mkazipita mkidhani ni za mtihani. Shaaban Robert kaandika Adili na Nduguze. Humo mna mtu anayewapiga nyani wawili mijeledi kila usiku huku analia, maana nyani wale ni ndugu zake wa damu, na asipowapiga jini atamwadhibu yeye. Mna mji mzima uliogeuka mawe, watu wake wamesimama kama walivyokuwa, kila mmoja na shughuli yake. Nilikuwa nikisoma sehemu hiyo darasani kwa sauti ya chini, polepole, na dawati la nyuma kabisa, lile la watundu, linasogea mbele lenyewe.

Upande mwingine kuna kitabu kilichowaudhi wanafunzi wangu mwaka hadi mwaka. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapwa 1960. Wanakiazima mbio kwa ajili ya jina. Wanarudi wamenuna: "Mwalimu, mzimu uko wapi?" Hakuna mzimu, kuna Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali mpaka mauaji yanapata mwenyewe, na mwenyewe ni binadamu kama wewe. Mimi nadhani hicho ndicho kinatisha zaidi, lakini nendeni mkamweleze hivyo mtoto wa miaka kumi na tatu aliyekesha akisubiri jini.

Sauti Nyikani

Hadithi hizi ziliharibu watoto. Ndiyo maana hadi leo watu wazima wanakimbilia kwa waganga.

Dada wa Wete

Hayo ya waganga yalikuwepo kabla ya kiwanda cha karatasi, ndugu yangu. Karibu, jivutie mkeka.

Mtoto wa Ngamiani

Nimerudi, umeme ulirejea usiku wa manane. Uzi umekuwa mkubwa, nawashukuru.

Nimekumbuka kitu kingine baada ya kusoma ya Mwalimu. Darasa la sita tulipelekwa Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini. Ndani kuna sehemu inaitwa Mzimu wa Mabavu, watu wanaacha shanga, chetezo, chupa za marashi, wanaomba. Mtembezaji akazima tochi ili tujue giza la pangoni likoje. Wenzangu wakapiga kelele za kufurahi. Mimi nilikuwa nimechutama nagusa miguu ya walio karibu yangu, mmoja mmoja, kuhakikisha. Nilishika viatu vya mwalimu wa zamu. Hilo nalo nililipia.

Mzee wa Makaratasi

Mleta uzi, nimekusoma tangu juzi nikanyamaza kwanza, maana nilitaka nihakikishe.

Mimi niko Morogoro, nakusanya magazeti ya zamani. Nilianza kwa kununua mizigo ya kufungia vitu kwa wapangaji wa sokoni, nikitafuta katuni, nikawa kama mgonjwa. Nina chumba kizima, mke wangu anakiita jalala. Gazeti lako ninalo. Si Sani. Ni moja ya hizo ulizoziita uyoga, jina nalihifadhi, kwa sababu mwenyewe yuko hai na alinifokea nilipomuuliza habari zake. Nimelitoa kwenye boksi jana usiku. Teksi, njia ya pwani, minazi, buibui, kioo. Picha nne kama ulivyosema, na ya nne dereva kashusha macho.

Mkuu, hana kwato.

Amevaa ndala. Zimechorwa vizuri, hadi ule mkanda unaopita katikati ya vidole. Kinachomshtua dereva ni kwamba zimelowa, maji yanachuruzika kwenye sakafu ya gari, na maelezo ya picha ya kwanza yalishasema ni kiangazi, mvua haijanyesha miezi mitatu. Ni mtu aliyezama.

Nikajiuliza, huyu bwana kwato kazitoa wapi? Nikageuza ukurasa. Nyuma yake kuna kichekesho cha mtu na mbuzi wake aliyekula fedha za mahari. Mbuzi yule kwenye picha ya mwisho kapigwa teke, yuko hewani, miguu juu. Nikaunyanyua ukurasa kwenye taa. Miguu ya mbuzi inaangukia palepale penye miguu ya yule mwanamke, kasoro upana wa kidole.

Karatasi ya gazeti ni nyembamba, ina vinafasi vya hewa katikati ya nyuzi zake, mwanga ukigonga unatawanyika, ndiyo maana unaona weupe. Mafuta yakijaza vile vinafasi mwanga unapita moja kwa moja. Sasa weka bajia tano za moto na chatini, halafu sogeza kibatari nyuma yake. Umepata jini ambaye mchoraji hakumchora.

Kuhusu dereva, pole. Toleo lililofuata halikutoka. Hilo lilikuwa la mwisho. Imeandikwa itaendelea, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Jirani wa Kisumu

Nimeinuka kwenye kiti. Mbuzi!

Kisiki cha Mpingo

Miaka zaidi ya thelathini mtu anaogopa mbuzi wa mahari. Mzee wa Makaratasi Mungu akuzidishie boksi.

Mtoto wa Ngamiani

Sijui nicheke au nikudai fidia.

Nimempigia dada. Yuko Muscat siku hizi, huko ni saa moja mbele yetu, alikuwa anajiandaa kulala. Nikamsomea maneno yako yote, la ndala, la maji, la mbuzi, la mafuta. Akanyamaza. Nikadhani laini imekatika. Kisha akasema: "Mwambie huyo mzee akalale. Kwato niliziona mimi, zilikuwa nyeusi ti, na mafuta hayachori kitu cheusi." Akakata simu. Baada ya dakika tano akatuma ujumbe wa sauti, anauliza kama bado nina ile karatasi. Dada yangu huyu ana wajukuu wawili.

Mwanangu naye nilimsimulia toleo sahihi, la ndala zilizolowa. Hakucheka safari hii. Kaniuliza maji yalikuwa ya chumvi au ya baridi. Nimekosa jibu, na jana hakutaka kuoga.

Dada wa Wete

Mkuu, mie nina swali moja tu, sitaki kuchokoza.

Yule bibi wa bajia. Umesema kanga imemfunika kuanzia kiunoni hadi chini kwenye vumbi. Na wewe mwaka mzima ulikuwa ukiangalia miguu ya kila mwanamke, hadi ya shangazi, hadi ya mwalimu wa zamu pangoni. Yake uliiona?

Mtoto wa Ngamiani

Nimekaa nafikiri tangu uandike, karibu saa nzima sasa.

Alikuwa anakaa. Kila tulipokwenda tulimkuta ameshakaa, na tulipoondoka tulimwacha amekaa.